Wageni Wahispania wanakuja baada ya wiki tatu, nianzie wapi? (Usianzie kwenye Kiingereza)

Swali lenyewe nimelifupisha: "Shikamoo mwalimu. Naitwa Juma, naongoza watalii huku Karatu, Kiingereza changu kiko vizuri tu. Mwezi wa nane nimepangiwa wageni sita kutoka Hispania, siku saba, na ofisi inasema wawili tu ndo wanajua Kiingereza. Nimepakua app moja nimekaa nayo wiki nzima naambiwa 'mvulana anakula epo', sasa porini nani nitamwambia hivyo. Mi nataka nijue kusalimia, kujitambulisha na kupiga stori mbili tatu wanione mtu. Nianzie wapi?"

Marahaba Juma. Tuanze na jina lako maana ndo tatizo la kwanza na hiyo app haiwezi kukwambia. Ukivaa beji imeandikwa JUMA, Mhispania ataisoma "Khuma", ile kh ya kukwaruza kooni kama watu wa pwani wanavyosema kheri, kwa sababu j kwao inasomeka hivyo. Utaitwa Khuma siku saba huku wewe unageuka nyuma kumtafuta huyo Khuma ni nani. Kwa hiyo kwenye kikaratasi cha kuwapokelea eapoti andika YUMA, y yao ikiwa mwanzoni mwa neno inakaribia sana j yetu, watakuita vizuri kabisa. Mwenzio Hamisi ataitwa Amisi, h kwao ni pambo, inaandikwa haisomwi, ndo maana salamu yao "hola" inatamkwa "ola", sio ile hola yetu ya nimetafuta kazi mwezi mzima, hola.

Sasa swali lako la nianzie wapi. Nimefundisha waongoza watalii Arusha na Moshi miaka sasa na kuna kitu nakiona kila darasa: wanaoteseka ni wale wenye Kiingereza kizuri kama wewe. Sio utani. Mtu akitaka kusema kitu kwa Kihispania anakipeleka kwanza kwenye Kiingereza af ndo anakitoa huko kukileta Kihispania, na njiani kinaharibika, wakati angekichukua moja kwa moja kutoka Kiswahili kingefika kizima. Nikuonyeshe.

Umri. Wewe unasema "nina miaka 26". Mhispania anasema "tengo veintiséis años", tengo ni nina, años ni miaka, umemaliza. Aliyepita Kiingereza anasema "soy veintiséis", yani mimi ni ishirini na sita, wageni wanabaki wanamwangalia. Na sio umri tu, nina njaa ni "tengo hambre", nina kiu "tengo sed", nina usingizi "tengo sueño", nina haraka "tengo prisa". Hata joto, wao wanasema "tengo calor", wanalo joto. Ukilitafsiri lile neno la Kiingereza la joto ukasema "estoy caliente" utakuwa umewatangazia kwamba una nyege, na mwanafunzi wangu mmoja alitaka kusema amefurahi sana kuwaona wageni akachukua neno la Kiingereza akalivisha mkia wa Kihispania, "estoy excitado", ni yale yale, mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Angesema tu "estoy contento".

Hapo kwenye años chunga ile alama juu ya n. Ñ ni ny yetu, anyos. Ukituma meseji Whatsapp ukaandika anos bila alama, umesema una mikundu ishirini na sita. Kwenye kibodi ya simu bonyeza n uishikilie, inatokea.

Kazi. "Soy guía", mimi ni muongozaji, basi, hakuna kale kaneno ka Kiingereza ka katikati, usitie "un". Sisi hatuna, wao hapo hawaweki. Guía haibadiliki akiwa mwanaume au mwanamke. Mpishi anabadilika, cocinero wa kiume, cocinera wa kike. Maswali nayo hayahitaji kupindua sentensi, unapandisha sauti mwishoni kama tunavyofanya, "¿Eres de Madrid?" ni "unatoka Madrid?", kwenye kuandika wao wanatia alama ya kuuliza mbele na nyuma ila mdomoni ni sauti tu. Kukataa unaweka "no" mbele ya kitenzi, "no entiendo", sielewi.

Na kitenzi chao kimembeba mtu ndani kama chetu. Sisi tunamweka kichwani, ni-naishi, u-naishi, a-naishi, wao wanamweka mkiani, vivo, vives, vive. Kwa hiyo lile neno "yo", mimi, sio lazima, ukisema "yo me llamo Juma, yo soy guía, yo vivo en Karatu" ni kama unasema mimi naitwa Juma, mimi ni muongozaji, mimi naishi Karatu, mimi mimi mimi, mtu anajiuliza kwani kuna aliyebisha?

Kinachowaua wengi ni ser na estar, vitenzi viwili ambavyo Kiingereza kina kimoja tu. Vitabu vinapiga kurasa kumi. Wewe Juma unavyo tayari. Ser ni ile "ni" yetu, estar ni ile "niko". Mimi ni Mtanzania, "soy tanzano" (mwanamke "tanzana", Mkenya ni keniano au keniana). Niko Karatu, "estoy en Karatu". Niko poa, "estoy bien". Niko bize, "estoy ocupado". Choo kiko wapi, "¿dónde está el baño?", na hilo swali utalisikia kuliko yote, sema Hispania kwenyewe wengi wanaita "el servicio", akisema servicio usimletee bili, anataka kuchimba dawa. Kanuni yangu inavunjika sehemu chache, sisi tunasema "ni mgonjwa" wao "está enfermo", na vile vya nime- vingi vinaenda kwa estar, nimechoka ni "estoy cansado". Ukitamka vibaya ukaruka n moja inakuwa "estoy casado", nimeoa. Jioni baada ya kilomita mia mbili za vumbi mtu anakuuliza hali unamjibu umeoa.

Matamshi sikai sana maana irabu zao ni a e i o u, zile zile tano, hazibadiliki, Mwingereza anahangaika nazo miaka wewe umezaliwa nazo. Ll ni y, "me llamo" ni "me yamo" (Muajentina atasema "me shamo", usishtuke). V inatoka kama b, "vivo" ni "bibo". Qu ni k, "¿qué tal?" ni "ke tal". Z, na c ikifuatwa na e au i, Wahispania wengi wanaitamka th ya thelathini, "grathias", ila Andalusía kwingi, visiwa vya Canarias na Amerika ya Kilatini yote ni s, "grasias", chagua moja, wote watakuelewa. Mkazo pia unafanana, silabi ya pili kutoka mwisho kama sisi neno likiishia na irabu, n au s, likiishia na herufi nyingine mkazo uko mwisho, na ukiona mkwaju juu ya irabu basi gonga hapo hapo. Usiudharau huo mkwaju. "Papá" ni baba, "papa" ni kiazi kwa watu wa Amerika ya Kilatini, na kwetu ni samaki, unaweza kumuulizia mtu hali ya kiazi chake.

Kazi ngumu iko kwenye r. Kama wewe ni wa zile sehemu r na l zinabadilishana viti, na huku kwetu tuko wengi, fanya zoezi la maneno matatu: "pero" ni lakini, "pelo" ni nywele, "perro" ni mbwa, hiyo rr inanguruma kama pikipiki inakataa kuwaka. Fanya ukiwa unaosha gari, dakika kumi kila siku.

Haya, sasa siku yenyewe. Uko KIA, eapoti ya Kilimanjaro, wametoka na mabegi, wamechoka, umeshika YUMA yako. Unasema hivi:

"Buenos días. Bienvenidos a Tanzania. Me llamo Juma y soy su guía. Hablo un poco de español. Si hablo mal, corríjanme, por favor."

Ni hayo. Habari za asubuhi, karibuni Tanzania, naitwa Juma na mimi ndo muongozaji wenu, naongea Kihispania kidogo, nikikosea nirekebisheni tafadhali. Sentensi ya mwisho ndo ninayoipenda zaidi, maana Mhispania akishaombwa kurekebisha anajiona ni mwalimu wako na safari nzima atakuvumilia, tena atakushangilia. Bienvenidos ni kwa grupu lenye wanaume au mchanganyiko, hata wanawake kumi na mwanaume mmoja bado ni bienvenidos, wakiwa wanawake watupu ni bienvenidas. Ndo ngeli zao hizo, ziko mbili tu, sasa mtu uliyekulia kwenye ki-vi na m-mi na u-zi utaogopa ngeli mbili?

"Buenos días" inakwenda mpaka chakula cha mchana, na chakula cha mchana cha Hispania ni saa nane, kwa hiyo saa saba mchana mtu bado anakwambia buenos días, usimcheke. Baada ya hapo "buenas tardes", giza likiingia "buenas noches", na wakishazoeana wanakata, "buenas!", inafanya kazi saa zote. "¿Qué tal?" ni mambo, jibu lake "bien, ¿y tú?", poa, wewe je. Usimwage maelezo ya afya.

Akitaja jina lake unajibu "mucho gusto", nimefurahi kukufahamu. Kuna na "encantado", hilo linafuata mdomo wa anayesema sio anayeambiwa, wewe mwanaume sema encantado hata kwa bibi. Wakikuwahi wewe unajibu "igualmente", nami pia. Halafu unawatambulisha wenzako, "este es Musa, nuestro cocinero", huyu ni Musa mpishi wetu, akiwa mwanamke "esta es Neema, nuestra cocinera". Tafadhali usimruke mpishi.

Busu. Hispania mwanamke na mwanaume, au wanawake wawili, wakikutana wanagusana mashavu mara mbili, wanaume wanapeana mkono. Nchi nyingi za Amerika ya Kilatini ni shavu moja. Wewe nyoosha mkono, mgeni akileta shavu pokea, ni kugusa tu na kisauti hewani, hakuna anayebusu kweli. Usianze wewe.

Heshima: shikamoo hawana, ila wana "tú" na "usted". Tú ni wewe ya rafiki. Usted unamsemesha mtu kana kwamba yuko pembeni, "¿cómo se llama usted?", na sisi tunafanya sana, "mzee atakunywa nini?", "mama ameamkaje?", huku mama yuko mbele yako, ni mtindo ule ule. Wahispania wanakimbilia tú haraka, baada ya nusu saa watakwambia "tutéame", niite tú. Wakolombia wengi wanabaki na usted hata kwa marafiki. Ukisemesha grupu zima Wahispania wenyewe wana "vosotros", "¿de dónde sois?", mnatoka wapi, ila wewe kwa wiki tatu hizi tumia ustedes, "¿de dónde son?", nchi zote wanaelewa na hakuna atakayenuna.

Ishu ya majina ilinidhalilisha mimi mwenyewe enzi naanza. Nilipewa orodha ya wageni, nikafanya kama tunavyofanya na wageni wengine, nikachukua jina la mwisho kabisa nikaliandika kwa herufi kubwa, nikasimama. Watu wakatoka wote, eapoti ikabaki na wafagiaji na mzee mmoja kakaa kwenye begi, tunaangaliana. Alikuwa mgeni wangu. Niliandika ukoo wa mama yake. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, mara nyingi la kwanza la baba, la pili la mama, na anayejulikana nalo kwa kawaida ni la kwanza, yule beki Sergio Ramos jina lake kamili ni Sergio Ramos García, hakuna anayemuita García. Na mke habadilishi jina akiolewa, kwa hiyo usidhani majina tofauti maana yake sio mke na mume, wala usianze kuhoji vyumba.

Na hili la pili lilinitesa siku nzima. Nimewachukua watu wanne, salamu zimeenda fresh, tumeingia kwenye Landkruza wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe, siambulii kitu. Hata neno. Mpaka tunafika geti la Loduare, lile la kuingilia Ngorongoro, nimeshaamini miaka yangu miwili ya Kihispania ilikuwa kupoteza hela. Kumbe wametoka Barcelona na wanaongea Kikatalani, lugha nyingine kabisa. Ukiwapata wa huko waambie "bon dia" asubuhi na "gràcies" ukishukuru, maneno mawili tu, utaona macho yanavyobadilika, af endelea na Kihispania chako, wanakijua wote.

Saa. Hapa ndipo wageni wanaachwa. Wao hawana saa yetu, "a las seis" ni saa kumi na mbili, "a las siete" saa moja. Na "mañana" ni kesho lakini pia ni asubuhi, kesho asubuhi ni "mañana por la mañana". Unapowaaga jioni kwa ajili ya gemu ya alfajiri, ile ya kuzunguka kuangalia wanyama, sema "mañana, a las seis" na uwaonyeshe kwenye saa ya mkononi, hapo sina imani na mdomo wa mtu. Wajulishe pia chakula cha usiku ni mapema, kwao saa tatu usiku ndo wanaanza kukifikiria.

Maswali ya kupiga stori: "¿es su primera vez en África?", ni mara yenu ya kwanza Afrika? Hili ni zuri, linafungua mtu. "¿Tiene hijos?", una watoto, mi nasubiri siku ya pili. Umri wa mtu mzima na kwa nini hajaolewa waachie wenyewe, najua kwetu ni kumjali mtu, kwao anajiona yuko polisi. Watoto waulize upendavyo, "¿cuántos años tienes?", wanapenda. Ukizidiwa, "más despacio, por favor", polepole tafadhali, na "¿cómo se dice?" huku unanyooshea kitu kidole.

Kitu cha mwisho nakupa kwa sababu kitakufanya uyapende haya maneno. Waislamu walitawala sehemu za Hispania kuanzia 711 hadi 1492, na Kiarabu kikaacha maneno kule kama kilivyoacha kwetu pwani. Kwa hiyo "fulano" ni fulani, ndo yeye. Azúcar ni sukari. Aceituna ni zeituni. "Ojalá" imetoka kwenye akipenda Mungu. Na ile "hasta" ya "hasta luego" na "hasta mañana" ni hatta ya Kiarabu, ile ile iliyotupa hata ya wazee, tangu asubuhi hata jioni. Ukiwaaga usiku, "hasta mañana", wewe unasema hata kesho. Hasta luego wanaisema hata kwa mtu wasiyetegemea kumwona tena, kwa hiyo mhudumu wa duka la vinyago akiambiwa hivyo asikae kuwasubiri.

App yako usiifute, itakusaidia kwa namba. Ila zile sentensi tano za KIA jirekodi leo kwenye simu, unitumie voisi Jumapili, nikisikia "me yamo" inatoka bila kusita na corríjanme imeanguka kwenye ile i yenye mkwaju, tunaingia kwenye wanyama. Nyumbu nakupa kabisa sasa hivi, maana mwezi wa nane ndo wanaowafuata Mto Mara: ni "ñu", nusu ya jina lake unalijua tayari.